Kukataa Nako Kuandikwe

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na kwa wale ambao hawajaitikia popote, hamjambo. Nawaomba radhi kwa kuchelewa; feri ya leo haikuwa na haraka na mtu.

Mmeniita niseme juu ya jambo moja: hapa Kenya, polisi wakikataa kuandika malalamiko yako kwa sababu aliyekuumiza ni mume wako, au mke wako, ufanye nini. Nitaanza na kisa ambacho mimi mwenyewe nilikosea.

Miaka ya nyuma, nikiwa wakili mchanga, nilimsindikiza mama mmoja hadi kituo cha polisi. Kituo chenyewe sikitaji. Mkono wake ulikuwa umevimba kutoka kiganjani mpaka kisukusuku. Afisa aliyekuwa mapokezi hakumuuliza jina. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole kabisa: "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nendeni mkayamalize nyumbani." Kitabu cha OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, kilikuwa mbele yake, hakukifungua.

Mimi nikapandwa na hasira. Nikammwagia vifungu vya sheria pale kaunta, waliokuwa kwenye foleni wakapata sinema ya bure, kisha tukaondoka mikono mitupu. Wiki chache baadaye tuko mbele ya hakimu, wakili wa mume akasimama na swali moja tu: mliripoti lini, na nambari ya OB iko wapi? Tukaeleza kwamba tulikataliwa. Na nani? Hatukujua jina lake. Saa ngapi? Jioni jioni hivi. Mna barua yoyote ya kulalamika? Hatuna. Kwa mahakama ikawa kama vile hatukuwahi kuikanyaga ngazi ya kituo kile.

Ndiyo maana leo nataka mwondoke na neno hili moja: polisi akikataa kuandika malalamiko yako, wewe andika kwamba amekataa. Karibu kila mlango nitakaoutaja hapa utakuomba hiyo karatasi.

Kabla ya kufika huko, tutenganishe mchele na chuya, kwa sababu kuna wakati polisi anayekurudisha ana haki. Mume amehama chumba, hasemi nawe mwezi wa pili huu. Mke amerudi kwao na hataki kupokea simu. Hizo ni huzuni, si jinai. Baba haleti matumizi ya watoto? Hilo lina mahakama yake ya watoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, na ofisa wa watoto atakuelekeza. Mnagombania nyumba mliyojenga pamoja? Kuna Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013. Talaka, edda na mengine ya ndoa ya Kiislamu, kadhi yupo, Katiba imempa kazi hiyo wenye kesi wote wakiwa Waislamu na wakikubali kwenda kwake. Ukimpelekea polisi mambo haya utapoteza nauli.

Lakini kofi ni shambulio, na Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachosema "isipokuwa aliyepigwa awe mke". Shambulio la kawaida lina kifungo cha hadi mwaka 1. Likiacha jeraha, hadi miaka 5. Akikuvunja au kukutia kilema, kifungo kinaweza kufika maisha. Kutishia kuua, hadi miaka 10, hata kama hajakugusa. Kuvunja vyombo vyako kwa makusudi nako ni kosa. Sasa, mtu akifika kituoni akaanza hivi: "Afande, nina shida na mume wangu," ameshampa afande jembe la kwenda kulima. Anza na tendo: "Nimekuja kuripoti shambulio. Jana usiku nimepigwa kwa mpini wa ufagio, jeraha ni hili." Uhusiano wenu utaulizwa baadaye. Najua inaonekana ni mchezo wa maneno, ila nimeona watu wawili wenye jeraha la aina moja, mmoja akaandikiwa na mwingine akapewa nasaha, na tofauti yao ilikuwa sentensi ya kwanza.

Hii tabia ya "kasuluhisheni nyumbani" inatoka wapi? Sehemu inatoka kwetu sisi wenyewe, tusijidanganye. Sisi ndio wenye kusema vyombo kabatini havikosi kugongana. Lakini kuna sehemu inayotoka kwenye sheria iliyosomwa vibaya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 176, inaruhusu kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito. Kisomeni vizuri kifungu hicho: anayepewa ruhusa hiyo ni mahakama. Kesi iko mbele ya hakimu, pande zote mbili zimesimama, na hakimu anapima. Afisa wa mapokezi hajatajwa. Anayekwambia usameheane kabla hajakuandika amevaa joho ambalo si lake.

Na wajibu wake umeandikwa. Bunge lilipitisha mwaka 2015 Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani. Inamtaka polisi aliyepokea malalamiko ya aina hii akueleze misaada yote uliyo nayo, pamoja na hifadhi na matibabu, na akwambie kwamba una haki ya kuomba kinga ya mahakama na pia haki ya kufungua malalamiko ya jinai. Ukitaka kuandikisha maelezo kwa afisa wa jinsia yako, una haki ya kuomba. Sheria hiyo inapoorodhesha dhuluma haiishii kwenye kipigo. Imo dhuluma ya kiuchumi, imo kunyatiwa na kufuatwafuatwa, kuvunjiwa mali, vitisho, matusi, na msishangae, imo pia wakwe kuingilia mambo yenu. (Naona wamama fulani wanatazamana. Haya.)

Imo pia dhuluma ya kingono ndani ya ndoa. Hapo lazima niseme ukweli usiopendeza: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imewaacha wanandoa halali nje ya kosa la ubakaji. Kwa hiyo polisi anaweza kukwambia hilo hana pa kuliandika kama ubakaji, na kwa sheria ilivyo hajakosea. Lakini majeraha yaliyotokana nalo ni shambulio, na kwa amri ya ulinzi mahakama inaweza kulizuia lisitokee tena. Usikubali mlango mmoja uliofungwa ukufanye uamini nyumba nzima imefungwa.

Sasa tuko kituoni. Ukiweza, usiende peke yako. Nenda na mtu mtulivu, si yule shangazi mwenye kupigana. Uliza dawati la jinsia kama lipo. Ukiandikiwa, usiondoke bila nambari ya OB, tarehe na saa. Itie kwenye simu na pia kwenye karatasi, maana simu ndiyo ya kwanza kuvunjwa. Omba fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha yako kwa ajili ya kesi. Fomu yenyewe haiuzwi. Na mtu mwenye majeraha asikae benchi la kituo saa sita akingoja kuandikwa: hospitali kwanza. Daktari hahitaji nambari ya OB ili akutibu, na maandishi ya hospitali ya usiku ule ule yana uzito kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Aliyeingiliwa kwa nguvu afike ndani ya saa 72, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina muda wake.

Ukikataliwa, usigombane. Hapa nawaomba mnisikilize mimi niliyegombana. Muulize afisa kwa adabu: "Afande, nisaidie jina lako na nambari yako ya kazi." Mara nyingi swali hili peke yake hufungua kitabu. Lisipofungua, omba kuonana na mkuu wa kituo. Mwambie hukuja kumfunga mtu leo, umekuja jambo liandikwe. Kuandikwa kwenye OB si kumtia mtu pingu. Ni kumbukumbu kwamba tarehe fulani ulisema jambo fulani. Wengi wanaogopa kuripoti wakidhani treni ikiondoka haisimami. Inasimama. Hata kesi ikishafika mahakamani, mlalamishi anaweza kuomba kuiondoa na mahakama ikaridhia.

Mkuu wa kituo naye akikataa, toka nje, kaa chini ya mti au kwenye kibanda cha chai, na uandike kabla hujafika nyumbani. Barua ya ukurasa mmoja tu. Hakuna Kiswahili cha mahakama kinachohitajika. Kwa Mkuu wa Kituo. Mimi fulani, mkazi wa mahali fulani, nilifika kituoni kwako leo tarehe hii, saa hii, nikiwa na mtu fulani, kuripoti kwamba jana saa tatu usiku nilipigwa na fulani, mahali fulani, kwa kitu fulani, nikaumia hapa na hapa. Afisa fulani alikataa kuandika akasema maneno haya. Andika maneno yenyewe kama yalivyotoka kinywani mwake, hata kama ni methali. Kisha sentensi mbili za mwisho: naomba malalamiko yangu yaandikwe kwenye OB na yachunguzwe, kama hamtaandika, naomba sababu kwa maandishi. Saini yako, nambari ya simu ambayo mwenzako haishiki.

Ile sentensi ya kuomba sababu si mapambo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya ofisi ya umma inapokuathiri, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inasema ofisi ikiombwa sababu ikanyamaza, itachukuliwa kwamba haikuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishe vinginevyo. Kumbe hata kimya chao kinakufanyia kazi.

Toa nakala. Moja wapokee, ya pili wakugongee muhuri. Wakikataa muhuri, nenda posta ukaitume kwa rejista na uiweke risiti kama unavyoweka kitambulisho. Chini ya barua andika kwamba nakala zimekwenda kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Halafu zipeleke kweli. Barua inayotaja nakala ambazo hazikutumwa, mkuu wa kituo mwenye uzoefu anainusa.

IPOA wako hapa Mombasa, hamhitaji kwenda Nairobi. Wanapokea malalamiko ya mdomo na ya maandishi. Lakini muelewe kazi yao: wanamchunguza polisi, hawamchunguzi mume wako. Nimeona mama akikaa miezi akisubiri IPOA wamkamate mumewe. Watapendekeza afisa aadhibiwe au ashtakiwe, na faili hiyo itakusaidia. Wewe lakini bado unalala chumba kile kile. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye mwenye fimbo ndefu zaidi. Kifungu cha 157 cha Katiba, ibara ndogo ya 4, kinampa uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze madai yoyote ya jinai, na Inspekta Jenerali lazima atii. Watu wachache sana wanamwandikia. Mwandikieni. Ofisi zake ziko kaunti zote.

Mpaka hapa nimesema juu ya kumsukuma polisi. Sasa nije kwa dawa ambayo haimngoji polisi hata kidogo, na laiti ningekuwa na dakika tano tu leo, ningesema hii peke yake. Ni amri ya ulinzi.

Unakwenda mahakama ya hakimu, unaomba kwa hati ya kiapo ukieleza kilichotokea na unachoogopa. Huhitaji nambari ya OB. Huhitaji kuwa umefungua talaka, wala huhitaji kutaka talaka. Wengi wanaoomba wanataka kipigo kikome, ndoa ibaki. Hakimu akiona kusubiri kutakuweka hatarini, anaweza kutoa amri ya muda siku hiyo bila mwenzako kuwepo, naye ataitwa baadaye ajibu. Amri inaweza kumkataza kukugusa, kukutisha, kuja kazini kwako, kutuma watu. Inaweza kusema nani akae kwenye nyumba. Inaweza kukuruhusu uingie ukachukue nguo na vyeti vyako ukisindikizwa na polisi, ndiyo, polisi yule yule aliyekataa kukuandika, sasa anakuja akiwa na karatasi ya hakimu mkononi. Akiivunja mwenzako amri hiyo, anatenda kosa. Basi siku hiyo ukirudi kituoni huendi na ugomvi wa ndoa tena, unakwenda kuripoti kuvunjwa kwa amri ya mahakama, na sijaona afisa anayelitolea hilo methali.

Kuwa Mwislamu hakukuzuii mlango huu. Kwa kadhi utapeleka ndoa, kwa hakimu utapeleka usalama wako. Ukihitaji vyote viwili, nenda kote kuwili. Kama huna wakili, usikae nyumbani ukingoja pesa zake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa ya msaada huo, na FIDA, chama cha wanasheria wanawake, wamekuwa wakiwasaidia wanawake tangu 1985. Usiku wa manane, simu ya msaada ya 1195 kwa waliodhulumiwa ni ya bure, na kwa mtoto ni 116.

Kuna waliosikia kwamba mtu anaweza kufungua kesi ya jinai mwenyewe bila polisi. Ni kweli. Kifungu cha 89 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu mtu mwenye sababu za kuamini kosa limetendwa apeleke malalamiko kwa hakimu, hata kwa mdomo, na hakimu ayaandike. Kuendesha mashtaka yenyewe kunahitaji ruhusa, na katika uamuzi wa Floriculture International, tangu miaka ya tisini, Mahakama Kuu iliweka kwamba lazima kwanza uonyeshe ulipeleka jambo kwa vyombo vya dola vikakataa. Mnaona tunavyorudi kwenye ile barua ya chini ya mti? Ukishafungua, mjulishe Mkurugenzi wa Mashtaka ndani ya siku 30. Mimi binafsi simsukumi mtu njia hii. Kumshtaki mzazi mwenzako wewe mwenyewe, ulete mashahidi, usimame umhoji, ni mzigo ambao dola iliajiriwa kuubeba. Lakini ipo, na mkuu wa kituo akijua kwamba unaijua, mazungumzo hubadilika.

Kubwa zaidi ni Mahakama Kuu. Mwezi Mei 2013, kule Meru, watoto wa kike waliokuwa wamenajisiwa waliishtaki polisi yenyewe kwa kupuuza ripoti zao. Mahakama ikasema kutochunguza kwa haraka na kwa dhati kulivunja haki zao za kikatiba, ikaamuru polisi wachunguze. Wengi wanaijua kama kesi ya wasichana 160. Mwaka 2020, katika kesi ya dhuluma za kingono za baada ya uchaguzi wa 2007, serikali ilipatikana na hatia ya kutowalinda na kutochunguza, na walalamishi wanne wakaamriwa walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Kesi hizo hazikuwa za wanandoa, lakini msingi wake ni huu: polisi kukaa bure mbele ya ripoti ya jinai kunaweza kuwa uvunjaji wa haki yako. Na Katiba, kifungu cha 22, inasema kuanzisha kesi ya aina hiyo hakulipiwi ada.

Mambo mawili ya haraka. Wanaume mliokaa nyuma karibu na mlango kama mnaotaka kutoroka: ile sheria ya dhuluma za nyumbani ya 2015 haikusema mke, imesema mtu. Najua mwanamume akifika kituoni na jicho limevimba anachekwa kabla hajafungua kinywa. Andika barua ile ile, na kicheko kiandike. Pili, ushahidi. Si kweli kwamba mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Akishtakiwa kwa kukuumiza wewe au watoto, unaweza kuitwa na hata kulazimishwa kusema. Na jumbe za vitisho za WhatsApp usizifute kwa hasira, wala usitegemee picha ulizomtumia rafiki. Tunza simu yenyewe, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki huletwa na cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye chombo gani.

Wazee wa mtaa mlioko hapa, na watu wa Nyumba Kumi, sikuwasahau. Hakuna anayewakataza kupatanisha wanaogombana. Ninachowaomba ni mfuate mpangilio: mwenye jeraha afike hospitali, jambo liandikwe, ndipo mkae kitako. Mapatano yaliyofanyika na OB ikiwepo huheshimiwa zaidi kuliko yaliyofanyika ili OB isiwepo. Na mzee akiombwa awe shahidi kwamba mama fulani alifika kituoni akarudishwa, aweke saini yake. Wino wake ni kidogo, lakini mbele ya hakimu unaonekana.

Yule mama wa mkono uliovimba, kwa wanaotaka kujua, tulirudi upya. Mara hii tulikwenda na karatasi ya hospitali na barua yenye nakala tatu. Kituo kilikuwa kile kile, hata afisa alikuwa yule yule. Aliisoma barua mpaka mwisho akaona zilikokwenda nakala, akavuta kitabu, akauliza: "Jina?"

Maswali basi. Walioleta barua zao tayari njooni meza hii ya mbele, tuzisome pamoja kabla ya feri ya saa kumi na moja. Ambao hamjaandika, kuna karatasi na kalamu kwa dada pale dirishani.